Nyumba Imeandikwa Jina la Nani

Tangazo nililiona kwenye simu asubuhi moja, nikiwa nimesimama jikoni nasubiri chai ya maziwa ichemke. Chai ilipanda, ikafurika, ikazima moto, nami bado nimeshika simu. Harufu ya maziwa yaliyoungua ikajaa nyumba nzima. Ndiyo harufu ya asubuhi zote za utoto wangu, kwa sababu Bibi yangu hakuwahi hata siku moja kuiteremsha chai kwa wakati wake. Nikaacha jiko kama lilivyo, nikaketi kusoma.

"Nyumba ya familia inauzwa, Jidda, mtaa wa Sharafiya. Mtindo wa kisasa wa katikati ya karne iliyopita. Imekarabatiwa kikamilifu na kurudishiwa hadhi yake ya asili, baada ya kutelekezwa na kukaa tupu kwa miaka mingi." Chini yake picha kumi na mbili, zote safi, hakuna hata mtu mmoja ndani yake.

Nyumba ya familia. Familia ipi, hawakusema. Basi nitasema mimi. Sijaombwa, na atakayechukia na achukie.

Nyinyi wa rika langu mliokulia huku Saudia mtanielewa haraka. Sisi tumezaliwa hapa, mama zetu wamezaliwa hapa, tunaota kwa Kiarabu cha Jidda na kugombana kwa Kiswahili cha Unguja, na bado ikama zetu, vibali vya ukaazi, tulizihuisha kila zilipokwisha kama watu walioteremka uwanja wa ndege juzi. Nyumba ile ilikuwa mahali pekee ambapo hakuna aliyetuuliza tumetoka wapi.

Nililipitia tangazo neno kwa neno kama hakimu. "Ukuta wa matofali ya matundu, wa asili." Kweli. Jua la alasiri lilipita katika matundu yale likaweka duara sakafuni, nami nilikuwa na mchezo wa kuruka kutoka duara moja hadi jingine bila kukanyaga kivuli, na nikikanyaga nimekufa, naanza upya. "Sakafu ya terazo, ya asili." Kweli pia, ila hawakusema iling'aa vipi: kila Alhamisi Bibi alikunja kanga kiunoni, akapiga magoti na kuisugua kwa sabuni ya kipande, chumba hadi chumba, akishuka ngazi kinyumenyume. "Baraza ya mviringo." Kweli, na hapo ndipo alipofia paka wetu. "Kabati za mbao za ukutani, kazi ya mkono, za asili." Hapo wamedanganya, na nitawafikia.

Babu yangu alikuwa seremala. Alitoka Unguja na Bibi baada ya mapinduzi, na sanduku moja na msumeno, akafanya kazi mpaka akaweza kuinunua nyumba ile kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihijazi aliyekuwa anahamia kaskazini ya mji. Lakini Babu hakuwa raia, na sheria ya wakati ule haikumruhusu mgeni kuandikisha nyumba. Kwa hivyo iliandikwa jina la kafili wake, raia aliyemdhamini, mzee mwema tuliyemwita Abu Talal. Baina yao hapakuwa na karatasi. Walishikana mikono sebuleni, wakasoma Fatiha, wakanywa kahawa. Kwa miaka yote iliyofuata Abu Talal alikuwa akija kututembelea, akisimama nje ya mlango na kupiga hodi mpaka afunguliwe.

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Abu Talal alifariki nikiwa na miaka minane, na ndipo maneno yalipoanza nyumbani. Mama alikuwa akizungumza kwenye simu na Baba, ambaye alifanya kazi Riyadh, kwenye ofisi moja ya mtaa wa Al-Murabba, na kuja kwetu mara moja kwa mwezi. Alikuwa akirudia jambo lile lile kwa sauti ya chini: "Tatizo ni kwamba nyumba imeandikwa jina la Abu Talal. Hilo ndilo litakalotutoa."

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kusoma sawasawa, na nilikuwa na kiburi cha mtu aliyejua kusoma jana. Kila kilichoandikwa nilikisoma: mikebe ya maziwa, milango ya teksi, vibao vya ofisi za kutuma pesa. Kwa hivyo niliposikia nyumba imeandikwa jina, nilielewa hivyo hivyo. Pahala fulani katika nyumba yetu pameandikwa "Abu Talal", na maandishi hayo ndiyo yatakayotutoa. Nikashangaa wakubwa wanalia lia kwenye simu badala ya kuchukua kitambaa na maji.

Nikaanza kazi. Nilikagua kuta za vyumba vyote, nyuma ya mapazia, chini ya vitanda, ndani ya kabati. Nililala chali chini ya meza ya kulia nikasoma mbao. Nilikuta namba za penseli alizoandika Babu alipokuwa akipima, nikazibusu, nikaendelea. Siku ya tatu nikapanda juu ya dari, na pale nikaona maandishi makubwa ya buluu kwenye tangi la maji. Yalikuwa jina la kiwanda kilichotengeneza tangi. Mimi sikulijua jina lile, na nikaona kwamba jina nisilolijua halina haki ya kuwa kwetu, basi nikalikwangua na kisu cha jikoni kuanzia adhuhuri mpaka karibu na alasiri. Mama alinikuta nimebakisha herufi mbili.

"Unafanya nini kwenye jua kali hivi?"

"Nafuta jina."

Nilichapwa kwa ajili ya kisu, na hakuna aliyeniuliza ni jina gani.

Talal, mtoto wa marehemu, alikuja kutoka Riyadh wiki ileile. Hakupiga hodi. Tulisikia ufunguo ukizunguka mlangoni, na Bibi, aliyekuwa ameketi sebuleni akichambua mchele, hakuinuka. Talal hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa na miwani, alinukia udi, alimwita Bibi *khala* kama mtu anavyomwita mama yake mdogo. Alieleza, kwa adabu kabisa, kwamba ameingia ubia na ofisi ya kuajiri watu. Miaka ile ofisi hizo zilikuwa zikileta watu kwa ndege, madereva, walinzi, wasichana wa kazi, na wote walihitaji pa kulala. Nyumba hii ilikuwa na vyumba vikubwa na ilikuwa karibu na kila kitu.

"Baba yako alikuwa akipiga hodi," Bibi alimwambia kwa Kiarabu. "Wewe umeingia na ufunguo."

"Khala, mimi nafuata makaratasi."

"Na mimi nafuata Fatiha."

Talal alitazama viatu vyake. Nadhani aliona haya, na nadhani haya ile ndiyo iliyomfanya akaze sauti. Alisema tutakaa mpaka skuli zifungwe, halas, baada ya hapo ataleta vitanda. Bibi akamtilia kahawa. Akainywa yote, maskini, na kila tulipomtazama akaongeza tende.

Mama alianza kutafuta maboksi. Bibi alimtuma mtu dukani amnunulie rangi ya kijani, akapaka geti la mbele.

"Mama, unapaka rangi nyumba ya watu," Mama alimwambia.

"Napaka geti langu. Limechakaa."

Baada ya geti akapaka fremu za madirisha. Baada ya madirisha akapanda mirehani kwenye madebe, akayapanga kwenye baraza, tukiwa tumebakiwa na miezi miwili. Majirani walidhani amechanganyikiwa. Mimi nilidhani mambo yamekwisha, kwamba labda lile jina nililolikwangua kwenye tangi ndilo lenyewe.

Kisha akaja Mutua. Alikuwa dereva wa Talal, Mkenya wa Machakos, hajatimiza mwaka tangu ateremke. Talal alimwacha Jidda na futi ya chuma na daftari, akamwagiza apime vyumba na ahesabu vitanda vingapi vitaingia. Alifika asubuhi, akamsalimu Bibi kwa Kiarabu cha kubabaisha, akaanza kazi ameinamisha kichwa. Bibi aliketi kwenye kiti chake cha sebuleni akamwangalia. Mutua alikuwa akihesabu kwa sauti, kama mtu anayejua kwamba hakuna anayemwelewa.

"Hapa sita. Tukibana, nane. Huyu mama mwarabu ananiangalia ni kama nimemuibia kuku."

"Kuku sina," Bibi akamjibu. "Ungemuiba ningekwambia."

Futi ilimponyoka ikajikunja yenyewe kwa kishindo. Akageuka polepole.

"Kumbe mama unaongea Kiswahili?"

"Kiswahili ndo hichi. Hicho chako sikijui, lakini nakisikia."

"Pole sana. Aki pole. Mimi sikujua." Kisha akanitazama mimi, akitafuta pa kushika. "Na huyu mzee mama ni nani yako?"

"Bibi yangu," nikamwambia.

Akabaki ametoa macho. Baadaye ndiyo alitueleza: kwao, bara ya Kenya, bibi ni mke. Alikuwa anajiuliza ni watu wa namna gani hawa, mtoto wa miaka minane wa kike ana mke. Bibi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. Alikuwa hajacheka tangu Abu Talal afariki. Siku ile Mutua alikula kwetu wali wa nazi na mchuzi wa papa, na daftari lake halikuandikwa kitu kingine.

Alikuwa akija kila siku kwa wiki mbili, kwa sababu Talal alimwongezea kazi: azibe nyufa, atengeneze bomba, arekebishe ngazi. Alitwambia kwao yeye ni fundi wa terazo, amefanya sakafu za kanisa na za benki. Kwenye ofisi ya kuajiri waliandika dereva, basi akawa dereva. "Huku ukiambiwa wewe ni mpishi, unapika," alisema. Aliinama kwenye sakafu yetu, akaipapasa kwa kiganja, akamuuliza Bibi ni nani anayeitunza. Bibi akanyoosha magoti yake akamwonyesha sugu. Tangu siku hiyo alikuwa akivua viatu mlangoni.

Ngazi yetu ilikuwa imevunjika kwenye ukingo wa kipandio cha mwisho cha chini, pale Babu alipowahi kuangusha randa. Mutua alitafuta chenga za marumaru za rangi ileile asizipate popote Jidda, kwa hivyo aliziba kwa simenti nyeupe tupu, utepe mrefu kama mkono wangu. Nilikaa kipandio cha tatu nikimwangalia akilainisha.

"Mutua, unajua jina limeandikwa wapi?"

"Jina gani?"

"La Abu Talal. Mama anasema nyumba imeandikwa jina lake. Nimetafuta kote sijaliona."

Akaanza kucheka, kisha akaacha. Akaufuta mwiko wake pande zote mbili, kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji.

"Hiyo jina haiko hapa, mtoto. Iko kwa makaratasi. Na makaratasi iko Riyadh."

"Kwa hiyo hapa hapajaandikwa kitu?"

"Hapa hakuna kitu."

Nikafikiri. Kama jina lake halipo hapa, basi nafasi ipo. Nadhani Mutua aliisoma fikra yangu usoni, kwa sababu aliinuka akapangusa magoti na kusema kwa sauti ya mtu anayezungumza na ukuta, "Mimi naenda kununua soda. Hii simenti itakauka baada ya saa moja hivi. Na msumari nimeuacha hapo, usikukate."

Niliandika kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndizo pekee nilizokuwa nazo. Skuli ilinifunza herufi zile, na Bibi mwenyewe alikuwa akiandikiana barua na ndugu zake wa Unguja kwa Kiswahili cha herufi zilezile, kama walivyoandika wazee wake. Niliandika "Nyumba ya Bibi". Nilikuwa na hati nzuri, hilo sitalifichia unyenyekevu. Nilianza kwa herufi kubwa kubwa, nafasi ikawa finyu, nikaunganisha "ya" na "Bibi" ikawa neno moja.

Mutua aliporudi alisimama muda na chupa yake ya soda. Hakujua kusoma herufi zile.

"Inasema nini?"

"Nyumba ya Bibi."

"Nyumba ya mke," alijitafsiria. Akanywa. "Hata hiyo ni ukweli. Kwetu pia nyumba ni ya bibi." Kisha akachuchumaa. "Lakini ukiiacha hivi, vumbi itaingia, mwezi moja hakuna kitu. Ngoja tufanye kazi ya watu wakubwa."

Alichanganya simenti na rangi nyeusi kwenye kifuniko cha kopo, akaijaza katika kila herufi kwa ncha ya kisu, nukta kwa nukta, akiniuliza hii ni yangu au ni uchafu. Siku mbili baadaye aliisugua kwa jiwe na maji mpaka nyeusi na nyeupe zikawa sawa chini ya kidole. Ukiitazama hungesema imewekwa juzi. Ungesema ngazi ilizaliwa nayo. Sikujua wakati ule alikuwa akihatarisha nini. Dereva asiyetimiza hata mwaka nchini, pasipoti yake imo kwenye mtoto wa meza ya tajiri, anaandika jina la mtu mwingine kwenye nyumba ya tajiri. Leo najua, na kila nikifikiri namtakia mema popote alipo.

Bibi aliiona Alhamisi, akishuka kinyumenyume na kitambaa. Alifika kipandio cha chini akasimamisha mkono. Akasoma kwa kidole, kama anavyosoma msahafu.

"Nani kaandika haya?"

"Mimi. Kwa sababu makaratasi yako Riyadh."

 Nilijikunyata nikingoja kofi la pili la mwezi ule.

"Umeandika Bibi. Jina langu hulijui?"

"Jina lako Bibi."

Akanivuta, akaniweka kifuani, kanga yote imerowa maji ya sabuni, na nilisikia kifua chake kikitikisika na sikujua kama analia au anacheka. Kisha akanisukuma, akaisugua ile simenti kwa nguvu kuliko sakafu yote, aone kama itatoka. Haikutoka.

Skuli zikafungwa. Siku ya kuondoka, Bibi alisugua nyumba nzima, ingawa haikuwa Alhamisi. Mama alimwomba aache, lori linangoja. Bibi alisema hamwachii mtu nyumba chafu, wala hamwachii kila kitu. Akachukua bisibisi ya Babu, akafungua mlango mmoja wa kabati la ukutani la sebuleni, ule mkubwa wa katikati, akaufunga kwa shuka. Mlango ule ulisafiri nasi hadi Riyadh umelala juu ya mapaja yetu, na Bibi alikataa kata kata kuuweka nyuma ya lori.

Talal alikuja kuchukua funguo. Alipita ngazini, akasimama. Mimi nilikuwa nimeshika mkono wa Bibi, na mkono ule ukawa mgumu. Talal aliinama, akasoma polepole, akikunja uso.

"Mutua, hii ni nini?"

Mutua alikuwa mlangoni na maboksi mawili kichwani. Hakuyateremsha.

"Mafi maalum, bosi," alisema. Hajui. "Kadimu." Kitu cha zamani.

Talal alipitisha kidole juu yake. Ilikuwa laini, nyeusi na nyeupe sawasawa. Kitu cha zamani, hilo alilikubali, akaingia jikoni kuangalia mabomba. Bibi hakugeuza kichwa, lakini alipompita Mutua mlangoni alimgusa begani, yeye ambaye hakuwahi kumgusa mwanamume asiye wake.

Baba alitupangia vyumba viwili Manfuha, kusini ya Riyadh, kwenye nyumba za zamani zilizojaa watu wa kila nchi, wenye karatasi na wasio nazo. Ule mlango wa kabati ukawa meza. Tuliukatia vitunguu, tuliufanyia kazi za skuli, tuliukunjia nguo. Mutua alikuwa akimpigia Bibi simu kila Idi, ijapokuwa Idi si yake. Alitwambia wamelazwa kumi na wanne ghorofa ya chini tu, na kwamba yeye amejichagulia kitanda kilicho karibu na ngazi. Mwaka wa tatu simu hazikuja tena, na namba yake ikawa ya mtu mwingine. Bibi alikufa Manfuha. Mpaka mwisho, mtu akimuuliza anakaa wapi, alijibu Sharafiya, na akiambiwa hii ni Riyadh alisema, "Hapa nimekuja kutembea." Nilikuwa nikiona aibu mbele ya wageni. Sasa naona alikuwa na haki, na mimi ndiye niliyekuwa mjinga.

Kwa hivyo nilipomaliza kusoma tangazo nilipiga simu, nikajitaja kama mnunuzi. Nilipanda ndege ya asubuhi kutoka Riyadh, nimevaa abaya yangu nzuri na viatu vya kazini. Dalali alikuwa kijana mpole, rika langu, aliyenifungulia geti na kuniita *ukhti*, dada yangu. Geti wamelipaka rangi ya kijivu. Kwenye pembe moja, karibu na bawaba, kijani cha Bibi kilikuwa kinachungulia.

Ndani palikuwa pazuri. Lazima niseme hivyo, wameifanya kwa mapenzi. Matofali yameoshwa, duara za jua zimo sakafuni mahali pake, na mguu wangu mmoja ulitaka kuruka. Dalali alinionyesha kabati za ukutani za asili. Nikaupapasa mlango wa katikati.

"Huu si wa asili," nilimwambia. "Umechongwa kuigiza mingine."

Akaona haya kidogo. Alisema mnunuzi wa kwanza kugundua ni mimi, kwamba mlango mmoja ulikosekana na hakuna ajuaye ulikokwenda. Nilimwambia vitu huenda. Asubuhi ileile nilikuwa nimenywa chai juu yake.

Alisema nyumba ilikaa tupu miaka mingi. Nilimuuliza tangu lini. Hakujua, hilo ndilo aliloandikiwa. Kisha akanipeleka ngazini, na sauti yake ikabadilika, akawa kama mtu wa makumbusho. Walikuwa wameweka taa ndogo ukutani, imeelekea kipandio cha chini.

"Hii ndiyo fahari ya nyumba," alisema. "Sahihi ya mhandisi aliyeichora. Wataalamu wamekuja kuitazama. Jina si la Kiarabu. Wengine wanasema alikuwa Mtaliano, wengine wanasema Mgiriki. Kazi ya namna hii, nyeusi ndani ya nyeupe, mafundi wake wamekwisha."

 

"Na mtu akiinunua," nilimuuliza, "anaweza kuiondoa?"

"Haruhusiwi. Ni sharti la mauzo. Na zaidi ya hivyo, imeingizwa kwenye hati, kama jina la nyumba." Akafungua faili alilokuwa amelikumbatia, akanigeuzia ukurasa wenye muhuri. "Nyumba yenyewe imeandikwa kwa jina hilo."

Nilisoma. Ilikuwa pale, kwa chapa, juu ya muhuri, maneno mawili, la pili likiwa limeunganishwa kwa sababu mtoto wa miaka minane alikosa nafasi. Nilifikiri juu ya Mama na simu yake, juu ya kisu na lile tangi, na juu ya Bibi akisugua kwa nguvu aone kama itatoka. Sikulia. Sikuwa tayari kumpa mtu yeyote chozi ndani ya nyumba ile.

Ningeweza kumweleza kijana yule. Angeelewa, na jioni yake wangelifuta.

"Samahani," nikasema, "macho yangu leo si mazuri. Jina lenyewe linasomekaje?"

Akainama chini ya ile taa, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akasoma kwa uangalifu mkubwa, silabi kwa silabi.

"Ni-yum-ba Ya-bi-bi."

"Tena."

"Niyumba Yabibi."

"Hivyo hivyo," nikamwambia. "Umelisoma sawasawa."